Kalibu Moja, Makala Kumi

Jumatatu, 3 Machi
Nimeitwa ofisini kwa mhariri. Binti wa makamo ya mjukuu wangu, kalamu nyekundu sikioni. Kaniamkia shikamoo Babu, kisha kanichinja. Ati safu yangu ya ukurasa wa saba leo tamu, kesho chachu. Ile ya kutunza viatu, wasomaji walipiga simu kuisifu. Iliyofuata, ya mawingu, alipiga simu mmoja tu, naye alikosea namba. Anataka makala nzuri kila Ijumaa, si ya kubahatisha. Nikiboronga tena, ukurasa anapewa jirani yangu, Mwalimu Mstaafu.

Mwalimu Mstaafu! Mtu anayesalimia kwa aya tatu!

Ukutani kabandika masharti: andika unachokijua, isome kwa sauti, kata. Nikamwuliza kata nini. Akachomoa kalamu sikioni, akanionyesha mlango.

Jumanne, 4 Machi
Nimempeleleza Mwalimu kupitia ua wa michongoma. Anaandika saa nzima kabla ya chai, kila siku. Halafu anasimama nje kuwasomea kuku wake. Kuku wakitawanyika, anakata sentensi. Mtu mzima! Nilicheka mpaka mwiba ukanichoma pasipotajika. Akauliza natafuta nini humo. Nikasema kuku wangu. Akanikumbusha kwamba sifugi kuku.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata! Miaka thelathini nilifyatua matofali. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba tofali la leo halifanani na la jana. Siri ni kalibu, kile kisanduku cha kufyatulia. Na kalibu ninayo: makala ya viatu! Nafuta viatu, natia kitu kingine, basi. Makala kumi bila jasho. Leo nimetia shemeji. Penseli, kifutio, robo saa. Mke wangu akasema nimsomee asikie. Nikamjibu fundi hasomei tofali lake.

Ijumaa, 7 Machi
Gazeti limetoka. Balaa.

Mwanzo mzuri, sioni haya kusema: hakuna nyumba isiyohitaji shemeji imara. Shida ni aya ya pili. Shemeji wakitoa harufu, waanike juani. Wakibana, watie maji ya moto mpaka walegee. Wakitoboka wapeleke kwa fundi, na wakichakaa kabisa, tupa, tafuta wengine.

Kaka wa mke wangu, yule mchomelea mageti, akaingia na gazeti mkononi, miwani ya kazi utosini. Akasema, "Shemeji, nimekuja kuanikwa." Akaweka kiti katikati ya uwanja, akakaa juani mpaka adhuhuri. Hakucheka hata kidogo. Mke wangu akampelekea chai. Mimi sikupewa.

Jumamosi, 8 Machi
Mhariri anasema alisoma aya ya kwanza akaniamini, kosa ambalo hatalirudia. Ukurasa wa saba kapewa Mwalimu. Sawa. Lakini mke wangu naye kafunga mzigo, kahamia kwa kaka yake! Ameacha ujumbe kwa jirani: harudi mpaka niombe radhi kwa maandishi, tena maneno yawe yangu.

Jumapili, 9 Machi
Barua ya radhi haina kalibu. Nimetafuta. Nikaandika nilichokiona: kikombe chake kimelala kifudifudi mezani. Miaka arobaini na moja ya ndoa, sijui sukari inakaa wapi. Kaka yake ndiye aliyenibebea maji ya zege siku tulipojenga nyumba hii, na mimi nimemwita kiatu. Nikaisoma kwa sauti, maana hapakuwa na wa kunicheka. Kila penye uongo sauti ilikwama, nikafuta. Kurasa tatu ukabaki mmoja. Nikaisukuma chini ya mlango wa shemeji nikatoka mbio, kwa magoti haya haya.

Ijumaa, 14 Machi
Mke wangu alirudi Jumanne. Shemeji ndiye aliyembebea mzigo, akauliza leo aanikwe upande gani. Kumbe barua walishaipeleka kwa mhariri! Imo gazetini leo, ukurasa wa saba. Mwalimu kasukumwa wa nane, penye matangazo ya vifo. Simu za wasomaji hazikomi. Mwalimu mwenyewe kaja kunipa mkono, ati kawasomea kuku wote wakatulia.

Mhariri akasema, "Babu, umeona sasa? Safu ni yako, ila kila wiki iwe hivi hivi." Nikamwambia nimeelewa, mjukuu wangu. Nimeelewa kabisa.

Jumamosi, 15 Machi
Kalibu mpya! Imara kuliko ya kwanza! Nimechonga penseli, nimefuta "mke wangu" kila mahali katika ile barua. Robo saa, kwisha. Mke mwenyewe akasema nimsomee asikie. Nikamjibu fundi hasomei tofali lake.

Inaanza hivi: "Viatu vyangu wapenzi, nisameheni. Tangu mlipoondoka, hata sukari sijui iliko."