Shemeji, Njoo Uchukue Bahari Yako

Mhezi, Same

Kwa Shemeji Eliufoo,
Tanga.

YAH: KUONDOLEWA KWA BAHARI SEBULENI KWANGU

Shemeji,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya, maana mgonjwa hawezi kubeba tangi. Huku Mhezi wote hatujambo, isipokuwa mimi.

Utakumbuka kwamba ulipohamia chumba kimoja huko Tanga, mwenye nyumba alikataa tangi lako la kioo. Ukatuletea sisi: samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, konokono mmoja, na mawe yenye matumbawe yaliyo hai. Ukamwomba dada yako Dorkas, ambaye ni mke wangu, akutunzie kwa muda mfupi. Tangu siku hiyo tumevuna maharage mara mbili. Kwa heshima zote za ukwe, nawasilisha malalamiko yangu kama ifuatavyo:

1. Baridi. Samaki wako wamezoea maji ya uvuguvugu, na hapa kwetu mwezi wa saba mtu akisema "amina" mdomo unatoa moshi. Hita uliyoleta inafanya kazi vizuri, lakini Dorkas haiamini. Amelizungushia tangi blanketi langu zito, mimi nalala na koti la mvua. Nilimkumbusha kwa upole kwamba mimi ni mume wake wa ndoa. Akanijibu kwa upole zaidi: "Baba Asteria, wewe ukisikia baridi unasema. Wao watasemaje?"

2. Chumvi. Maji ya tangi yanapungua kila siku, chumvi inabaki, kwa hiyo lazima tuongeze maji yasiyo na chumvi. Wao wanaongezewa maji ya mvua yaliyochujwa kwa kitambaa safi. Sisi tunakunywa ya mfereji. Kila anapowabadilishia maji, Dorkas hupima chumvi yao kwa kile kipimo chako cha kuchungulia, amefumba jicho moja kama fundi saa. Makande yangu ameshasahau kuyatia chumvi mara nyingi. Tangi hajalisahau hata siku moja.

3. Wageni. Sebule yetu sasa ndiyo yenye joto kuliko zote kijijini, tena ina taa ya bluu. Jirani yetu Agatha huja na sweta analofuma, anakaa akilitazama tangi na kunipa mgongo. Nilipougua mafua, mzee wa kanisa alikuja kuniombea. Aliniombea kwa kifupi sana, kisha akauliza konokono anakula nini.

4. Posa. Hapa ndipo naomba ukae chini.

Wazee wa Ugweno walikuja kumposa binti yetu Asteria, wakiongozwa na Mzee Loth, baba wa kijana. Wao wanasema Kigweno, sisi Chasu, Kipare chetu, kwa hiyo ilibidi sote tuzungumze Kiswahili cha ofisini. Nilikuwa nimevaa koti la suti. Mazungumzo yakiwa yamenoga, umeme ukakatika na pampu ya tangi ikanyamaza. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba maji yakisimama, samaki wanakosa hewa. Dorkas aliniangalia tu.

Niliomba radhi, nikachukua pampu ya baiskeli, nikatumbukiza mpira wake majini, nikaanza kujaza upepo. Mzee Loth ni mtu asiyekatisha hotuba. Aliendelea kuuliza, nami niliendelea kupampu, na kila nikisukuma, kichwa changu kinashuka na kupanda. Akauliza kama harusi inaweza kufanyika Ugweno. Kichwa kikashuka. Akauliza kama sisi ndio tutakaowalisha wageni. Kikashuka. Akauliza kama yule ng'ombe mweusi aliyemwona bandani angefaa kwa shughuli hiyo. Kikashuka. Mwisho akauliza kama bibi harusi ataondoka na hili tangi zuri, liwe kumbukumbu ya kwao. Shemeji, wakati huo yule samaki mdogo alikuwa ameanza kulala ubavu, na mimi nilikuwa napampu kwa nguvu zangu zote.

Mshenga wao akasimama, akatangaza: "Baba amekubali kwa moyo mmoja." Vigelegele vikapigwa. Umeme ulirudi wakati wanakunywa chai. Asteria alikuwa analia kwa furaha, nami sikuwa na uso wa kusimama na kusema kwamba nilikuwa najaza upepo.

5. Hatima ya samaki. Barabara ya kupanda Ugweno unaijua. Mzee Loth alisikika akisema tangi litapakiwa kwenye bodaboda, na maji "yatapunguzwa kidogo". Je, atajua kukwangua ukungu wa kijani kwenye kioo bila kugusa matumbawe? Atajua kwamba yule mdogo hali mpaka mkubwa aondoke, hivyo lazima mtu asimame upande wa pili akipunga kofia ya kumvuta mkubwa? Ni nani Ugweno mwenye kofia ya namna hiyo?

Kwa hiyo naomba uje na gari kabla ya harusi, uchukue bahari yako yote. Usipokuja, nitalipeleka jambo hili kwenye kikao cha ukoo wenu. Nikishindwa huko, nitahamia stoo.

Msalimie mkeo Victoria, watoto, na mwenye nyumba wako aliyelikataa tangi. Siku hizi namwelewa.

Ni mimi shemeji yako, kwa masikitiko na heshima,
Nathanaeli

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, Asteria ameniambia kwamba amempigia simu Mzee Loth na kumweleza habari ya pampu. Mzee amecheka hadi akaomba kiti. Anasema tangi aliliulizia kwa adabu tu, nyumbani kwake hakuna pa kuliweka, na harusi ifanyike huku huku kwetu. Basi usije na gari, gari litawatikisa samaki. Panda basi hadi Same, uje kama mgeni. Leta chumvi yao, inakaribia kwisha, na ukipata konokono mwingine mlete, huyu naona mpweke. Ukifika, ingia sebuleni polepole na useme kwa sauti ya chini. Hawakukumbuki.