Kanisa la Mtakatifu Apolonia Laongezwa Umri

Kuanzia Jumatatu, Meya Ermenegildo Bracci aliwatangazia wananchi wa Montefosco, kanisa lao la Mtakatifu Apolonia litakuwa na umri mkubwa zaidi kwa karne mbili. Wananchi waliombwa kuwa watulivu.

Sababu ilikuwa nzito. Watalii walipita Montefosco bila hata kununua kahawa, wakikimbilia Roccaspina, ng'ambo ya bonde, kwenye kanisa kongwe zaidi. Fedheha hiyo ilimnyima Meya usingizi.

Kamati ya Uratibu wa Ukongwe ikaketi. Padre Fulgenzio, paroko, akaalikwa kama mdau.

"Mheshimiwa, kila mtu anajua lilijengwa baada ya tauni. Tazama mawe yenyewe!"

"Mawe hayapigi kura, Padre."

"Na zamani hizo unazotaka, hapa palikuwa na nini?"

"Hilo tutalijazia baadaye."

Hoja ikapita, mkoa ukagonga muhuri. Mafundi wakaupaka mnara wa kengele maziwa ya mgando ili uote kuvu haraka. Paka wa mji mzima wakahamia huko.

Siku ya sherehe, bendi ikipiga, akatokea Bi Ersilia Cottafava, meya wa Roccaspina, na shada la maua. Bracci alivimba kifua. Kaja kusalimu amri!

"Hongera, jirani," alisema Bi Ersilia. "Kumbe kanisa lina umri huo! Basi ni letu."

"Lenu? Acha masihara, mama."

"Enzi hizo Montefosco haikuwapo. Hapa palikuwa malisho ya nguruwe wa abasia yetu, ile nyumba ya watawa. Kanisa ni letu, na nyumba zilizolizunguka ni kitongoji chetu. Mkoa umeafiki."

Bracci akacheka. Afisa wa mkoa, aliyealikwa kwenye sherehe, hakucheka.

"Basi tulirudishie ujana! Kamati iketi sasa hivi!"

"Kitongoji hakina kamati," alisema afisa. "Wala meya."

Bracci akamgeukia paroko. "Padre, tumekwisha! Waambie habari za tauni!"

Padre Fulgenzio alifuta miwani yake taratibu. "Ningesema, mwanangu. Lakini sasa mimi ni paroko wa Roccaspina. Sharti kwanza nimwombe ruhusa Bi Meya."

Bi Ersilia alimvua Bracci mshipi wa umeya uliokuwa kifuani kwa upole, kama mama amvuavyo mtoto kitambaa cha kulishia.

"Usilie. Kitongoji kinahitaji msimamizi, na cheo chake cha enzi hizo kipo: mchunga nguruwe."

Uwanja mzima ukalipuka kwa makofi. Bracci, kwa mazoea, akawapungia mkono.