Lori la Chambo

Jumatatu, 3 Juni
Leo nimemhamisha dada na kibanda chake cha chai. Kutoka barabara ya zamani, yenye mashimo ya kuogea bata, hadi ukingoni mwa barabara kuu mpya. Njia nne! Lami nyeusi ti! Niliwahi kumshauri mhandisi mmoja kuhusu barabara za namna hii, akapandisha kioo cha gari lake. Dada kasema kibanda ndicho kinacholisha nyumba, mimi nikiwemo. Chai isipouzika hadi Jumamosi, nitoe godoro langu kwenye chumba chake cha uani. Hana macho ya mbali. Spana, fundi magari wa barabara ya zamani, kacheka. Acheke. Anabaki na mashimo yake.

Jumanne, 4 Juni
Magari tele. Halijasimama hata moja. Yanapita vuu, kama tumekosana. Basi moja limetuachia upepo uliobeba turubai, vikombe na kofia yangu. Binti wa dada, mwenye mdomo kama wembe, kaniambia, "Mjomba, hapa hata nzi hawatui." Kasoma mno huyu.

Jumatano, 5 Juni
Nimepata! Sisi tuliowahi kuendesha malori (mimi nilivuka mto uliofurika kwa gia ya tatu, abiria mmoja akalia) tunajua siri. Dereva wa lori hasimami penye chakula. Husimama penye lori jingine. Kwa hiyo linatakiwa lori la chambo. Spana analo moja uani, halina injini, kuku wanalala ndani. Kaniuliza nalipeleka wapi. Nikamwambia huo ni uchumi, hautamwingia. Kalivuta kwa trekta hadi kibandani huku akinung'unika kuhusu kuku. Nikafunga turubai, nguzo na benchi kwenye lori, upepo wa mabasi usituonee tena. Mafundo hayo hata mimi mwenyewe siwezi kuyafungua.

Alhamisi, 6 Juni
Chambo kimenasa! Lori limesimama. Dereva kashuka na chupa yake mwenyewe ya chai, kaketi kwenye benchi letu, kaomba sukari. Likasimama la pili. Dereva wake alidhani tumeharibikiwa. Kafungua boneti atusaidie, kakuta kuku anaatamia. Kanitazama kwa namna nisiyoipenda, kaondoka. Madereva wa siku hizi ovyo kabisa.
Jioni kaja askari wa barabarani. Kasema pembeni hapa ni pa dharura tu, lori liondoke. Nikamwambia dereva kaenda haja. Kasema kesho atarudi na gari la kuvuta. Vitisho tu. Namjua mkubwa wake, au mtu anayefanana naye.

Ijumaa, 7 Juni
Gari la kuvuta limekuja nikiwa kwa kinyozi. Naandika nilivyosimuliwa. Askari kauliza lori la nani, dada kamtaja Spana. Wakalifunga mnyororo, wakaondoka. Mafundo yangu yakashika. Kazi safi! Turubai likafuata, nguzo zikafuata, benchi likafuata likiruka-ruka kama mbuzi. Dada alikimbia nyuma na birika mkononi, akitaja jina langu pamoja na maneno ambayo binti yake amekataa kuyarudia. Msafara wote ukaishia uani kwa Spana.

Jumamosi, 8 Juni
Dada kakisimamisha kibanda palepale kwa Spana. Malori yanashuka kutoka barabara kuu kuja kutengenezwa. Madereva hawana pa kwenda, wanakunywa chai. Vikombe havitoshi. Spana kaketi katikati yao kama bwana harusi, anasimulia habari za benchi. Watu wazima wanacheka hadi wanashika mbavu.
Bila mimi wangefikaje hapo? Ndivyo nilivyopanga toka mwanzo. Nikamweleza dada, taratibu, kama anavyoelezwa mtu asiye na elimu ya barabara. Kanimiminia kikombe. Kasema, "Kaka, chai nitakupa. Chumba, hapana."
Godoro lilikuwa limeshatolewa.
Kwa hiyo naandikia ndani ya lori. Kuku wananitazama kama mpangaji asiyelipa. Sijali. Leo dereva mmoja kasema wataanza kujenga daraja la kupita juu ya barabara kuu. Juu kabisa! Magari pande zote, na mshindani hata mmoja hakuna. Dada bado hajui kwamba tunahama.
Kamba ninazo. Nimeanza kufunga mafundo.