Pete ya Maajabu na Kidole Changu

Wenzangu, heshima yangu imekufa leo saa tano asubuhi. Ilikuwa na afya njema mpaka saa nne.

Mnajua mwezi uliopita tulihamia Nyansiongo, mimi na mke wangu Kwamboka, siku chache kabla Kerubo wetu hajazaliwa. Nyumba ni ya mbao, ya zamani za walowezi, imeinuliwa juu ya nguzo za mawe kwa sababu ya mteremko. Sakafu ni mbao pia. Tuliipata haraka mno (hapo ndipo nilipopaswa kuanza kuuliza maswali). Aliyeishi humo kabla yetu alikuwa nyanya mmoja aliyeshona kofia za watoto kwa kroshia. Alifia kwenye kiti chake, karibu na dirisha. Kiti kipo. Kikapu chake cha uzi pia kipo.

Jirani yetu Mama Moraa alitukaribisha hivi: "Kaeni tu. Mkimsikia akishona, msimsemeshe."

"Nani?"

"Mwenyewe."

Akaenda zake kukama.

Sasa, leo mama mkwe alikuwa anakuja kumwona mjukuu kwa mara ya kwanza, pamoja na akina mama wa kanisa lake. Nami nilikuwa nimejigamba mbele ya ukoo mzima kwamba mtoto atavaa kofia niliyoishona kwa mikono yangu. (Karani wa ofisi! Sijawahi hata kurudishia shati langu kifungo.) Kwamboka alipompeleka mtoto kliniki, aliniangalia tu, akasema, "Baba Kerubo, bado unaweza kusema ulikuwa unatania." Nikamwambia aende salama.

Nikabaki peke yangu. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka ua hauonekani. Stima ikapotea. Nikapekua mfuko wangu: sindano ya kroshia ipo, uzi nimeusahau ofisini.

Nikatazama kikapu.

"Samahani, mong'ina," nikasema kwa sauti (ndivyo tunavyomwita mama mzee kwa heshima). "Naazima tu." Nikachukua donge la uzi mwekundu, nikakaa kwenye kiti chake. Kulikuwa na viti vingine vitatu. Msiniulize.

Mwalimu wangu alikuwa video kwenye simu. Kofia, anasema, huanzia utosini kwa kitu kinachoitwa pete ya maajabu. Unazungusha uzi kidoleni, unapitisha sindano, unavuta kitanzi, kisha unashona mishono sita kuzunguka. Ukimaliza unavuta ncha ya uzi, na lile tundu la katikati linajifunga lenyewe.

Mara ya kwanza uzi ulifumuka wote. Mara ya pili nilishona hewa. Mara ya tatu nikauzungusha kwenye kidole cha shahada, ukatulia. Mshono wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Wa nne! Nikafurahi nikarusha mguu, donge likaanguka, likabingirika na kutumbukia kwenye shimo la sakafu, mahali ambapo ubao umeoza.

Nikasema nitalitoa baadaye.

Uzi ukavutwa.

Kidogo tu, kama mtu anayebisha hodi. Nikazima video. Kimya. Nje, ukungu umeganda kwenye kioo. Nikavuta upande wangu polepole. Huko chini ukavutwa tena, kwa nguvu zaidi, na pete ya maajabu ikajifunga. Na kidole changu kimo ndani.

Hapo nikasikia pumzi. Pumzi nzito, ya mtu mzee aliyemaliza kupanda mlima, chini ya kiti nilichokalia. Halafu mdomo ukitafuna. Mdomo usio na haraka.

"Mong'ina," nikasema, "uzi nitarudisha wote."

Ukavutwa! Nikashuka kitini mpaka magotini, mkono umenyooka kuelekea shimoni, kidole rangi ya zambarau. Nikakanyaga ukuta, nikavuta kwa uhai wangu wote. Uzi ukakatika huko chini. Nikaanguka chali. Mlango sikumbuki nilivyoufungua.

Nilitoka nikipiga mayowe. Ndani ya ukungu nikaona mtu mbele yangu, mnene, amejifunga leso. Nikamrukia, nikamkumbatia kwa mikono miwili, nikaficha uso begani mwake nikilia, "Usimwache anichukue!"

Ukungu ukasogea kidogo. Nyuma yake walikuwa wamesimama akina mama watano wa kanisa, na vikapu.

Kwa wasiojua mambo yetu Wagusii: mama mkwe hakumbatiwi. Hata mkono hashikwi. Mnasalimiana kwa mbali, macho chini, mpaka mmoja azikwe. Mimi nilikuwa nimemshika kiuno.

"Baba Kerubo," akasema taratibu, "niachie."

Nikamwachia. Mama mmoja akaanza maombi ya chinichini. Nikanyoosha kidole, ambacho sasa kilikuwa kinakaribia kuwa cheusi. Makasi? Hakuna. Kisu? Kiko chini kabisa ya kikapu cha ndizi. Mama mkwe akatazama juu, akamwita Mungu, "Ee Nyasae," akaushika mkono wangu na kuukata ule uzi kwa meno.

Kwa meno, jamani!

Ndipo ndama wa Mama Moraa alipojitokeza chini ya nyumba, alikokuwa amejikinga na baridi, uzi mwekundu ukining'inia mdomoni kama tambi. Mama Moraa alikuja mbio kumtoa uzi kooni. Wale wengine walicheka mpaka mmoja akaketi kwenye majani mabichi.

Mama mkwe hakucheka. Alikuwa anageuza kiganjani kile kipande nilichoshona. "Mishono sita," akasema. "Umejifunza vizuri."

Mimi nilishona minne. Naapa. Sikumwambia.

Walipomuuliza itakuwaje kuhusu kukumbatiwa, alijibu mara moja: "Kulikuwa na ukungu. Mimi sikuona aliyenishika." Mungu ambariki. Lakini tangu saa sita wako ndani wanakunywa chai na Kwamboka, aliyerudi kutoka kliniki, na kila baada ya muda naisikia sauti ikiniigiza, kisha kicheko. Mimi niko nje, kwenye baridi, najifanya narekebisha ua.

Somo la leo ni hili: kofia za watoto zinauzwa madukani, na zimeshonwa na watu walio hai.