Dawa ya Kuamsha Farasi

Macho ya Kinanda hayakuumbwa kutazama mandhari. Yaliumbwa kutazama vitu visivyo vyake. Asubuhi hiyo, akiteremka kuelekea gatini, yaliona usukani wa pikipiki unang'aa barazani kwa Mama Vuka, umechomoza chini ya turubai lililofungwa kamba. Gurudumu la mbele nalo lilikuwa linachungulia. Mtu mwenye maneno kama yake, akiongezewa pikipiki, angeifikia miji ambako jina lake lilikuwa bado safi. Katika mji huu lilikuwa limeshaanza kunuka.

Akavuta kola ya koti lake jeusi. Koti lile lilikuwa duka lake, ofisi yake na cheti chake cha shule. Bila koti, Kinanda alikuwa mwanamume mwembamba mwenye porojo. Ndani ya koti, alikuwa Daktari wa Mashine.

Mama Vuka alivusha watu mto kwa boti aliyoachiwa na marehemu mumewe. Alikuwa ameketi kando ya maji juu ya ndoo iliyopinduliwa, ameikodolea macho mashine ya boti hiyo. Tangu shemeji yake alete boti mpya, abiria walikuwa wakimpita kama hawamjui, maana boti yake ilikwenda mwendo wa jongoo.

"Mama yangu," Kinanda akaanza, "mashine hii ina nguvu za farasi wangapi?"

"Kumi na tano. Ndivyo alivyosema marehemu."

Kinanda akalaza sikio juu ya kifuniko cha mashine, akafumba macho. "Nasikia wawili tu. Kumi na tatu wamelala."

"Ala! Wamelala?"

"Fofofo, mama. Mmoja anakoroma."

Mama Vuka akajishika kifua. "Maskini! Na majani wanakulia wapi humo ndani?"

Kinanda nusura acheze. Mteja wa namna hii hupatikana mara moja maishani, na mjanja mwenye adabu humshukuru Mungu kabla ya kumnyonyoa. Akatoa mfukoni chupa iliyozibwa kwa nta. Ndani yake mlikuwa na chai ya rangi na sabuni ya unga, lakini hiyo ilikuwa siri kati yake na sufuria yake.

"Dawa ya kuamsha farasi. Ila usiifungue. Ikipigwa na upepo, imekufa."

"Siifungui, mwanangu. Lakini fedha sina. Jumamosi nashindana mbio na shemeji yangu. Nikimpita, chukua kilicho chini ya turubai lile. Ila nawe usilifunue mapema. Ni kumbukumbu ya marehemu."

Kinanda alikubali kabla sentensi haijafika mwisho. Ni baadaye, akiwa peke yake ndani ya banda la boti, alipotambua alichokikubali. Siku zote alilipwa kwanza, akatoroka baadaye. Safari hii dawa ilitakiwa ifanye kazi kwanza, na chai, hata ikolee vipi, haijawahi kushinda mbio.

Kulifunua turubai na kuondoka na pikipiki hakungewezekana, kwa sababu usiku Mama Vuka alilala barazani pale, na mchana baraza lilionekana wazi kutoka gatini. Ilibaki njia moja, nayo ilikuwa ya aibu: kufanya kazi.

Kinanda alilelewa katika gereji ya mjomba wake, akaikimbia kwa kuogopa jasho. Lakini masikio yake hayakuwahi kukimbia. "Mashine nzee haiishiwi nguvu," mjomba alikuwa akisema, "inaibiwa. Mtafute mwizi."

"Farasi huona haya wakitazamwa," akamwambia Mama Vuka, akajifungia bandani na kutundika koti msumarini.

Wezi walikuwa wengi. Tumbo la boti lilikuwa limeota ndevu za majani na magamba ya konokono. Akalikwangua mpaka viganja vikafanya malengelenge. Puani mwa boti alikuta mawe, kamba zilizooza, nanga mbili na mlango wa choo. Kwa nini mtu atembee mtoni na mlango wa choo, hakuthubutu kuuliza. Alivitoa vyote. Plagi zilikuwa na masizi, akazisugua. Kabureta ilikuwa na tope, akaiosha. Rafadha, lile panga linalozunguka chini ya maji, lilikuwa limejikunja ncha, akazigonga na kuzisawazisha kwa tupa. Mwishowe akaipandisha mashine kidogo pale ilipofungwa, maana ilikuwa imezama mno, inalima maji badala ya kuyasukuma. Chai yenyewe aliipaka kidogo tu juu ya kifuniko, kwa heshima ya taaluma, akaiziba tena chupa na kumkabidhi Mama Vuka.

"Wameamka wangapi, Daktari?" Mama Vuka aliuliza kila alipopita nje.

"Saba, mama!" Kinanda alijibu, akitema magamba.

Jumamosi shemeji mtu alifika gatini anacheka. Hakucheka sana. Mashine nzee iliwaka bila kukohoa, boti ikanyanyua pua, na katikati ya mto ikampita shemeji na kumlowesha mpaka kofia. Gati zima lilipiga kelele. Kinanda alijikuta anarukaruka kama mtoto. "Wote kumi na tano! Wote wako macho!" Alifurahi kweli, furaha ya mtu aliyetengeneza kitu kikatengenezeka, na kwa muda akasahau kwamba alikuwa tapeli.

Alikumbuka alipofika barazani. Mama Vuka alikata kamba. "Haya mwanangu, haki yako."

Turubai likafunuliwa. Usukani ulikuwa umefungwa kwenye gogo. Gurudumu lilikuwa limeegemezwa tofali. Katikati, pale panapostahili kuwa na kiti na injini, palikuwa na kuni.

"Kavu kabisa," Mama Vuka akasema.

"Pikipiki iko wapi?"

"Nani alitaja pikipiki? Wewe ulinipa chupa nisiyoruhusiwa kuifungua, mimi nikakupa turubai usiloruhusiwa kulifunua. Mtu wa kuikwangua boti ile nimemtafuta mwaka mzima, wote wanataka fedha. Wewe ulitaka kujifungia tu."

Kinanda akainua ukuni mmoja, akaurudisha. "Basi nirudishie chupa yangu."

"Chupa? Shemeji alinililia, nikamuuzia sasa hivi."

Mtoni kukasikika kikohozi. Boti mpya ilikuwa imesimama katikati ya maji, mashine inatoa povu. Shemeji, aliyekuwa ameimimina dawa yote kwenye tangi, alikuwa anarudi gatini kwa kasia. "Yuko wapi huyo daktari?" alinguruma. Alivyolishika kasia lile, hakuonekana mtu atakayeishia kupiga maji.

Nyuma ya Kinanda kulikuwa na mji uliomjua vizuri mno. Mbele kulikuwa na mto.

"Mama yangu, nivushe!"

"Nauli?"

Akapapasa mifuko. Mitupu. Mama Vuka akalitazama koti, akalipima kwa macho na mabega yake mwenyewe.

"Mama, si koti!"

"Basi msubiri shemeji."

Walimpita shemeji kwa kasi hata matusi yake yakawafikia vipande vipande. Mama Vuka alikuwa ameshika usukani ndani ya koti jeusi, na Kinanda, amebaki na shati, alikuwa anatetemeka kwa upepo.

"Inakwenda, mama," akasema, na japo alitaka kulia, akacheka.

Ng'ambo, mwenye boti mmoja alikuwa amewatazama tangu mbali. "Mama, mashine yenu inakwenda! Mimi yangu imezeeka, haivuti kabisa."

Mama Vuka akavuta kola ya koti. Akaiendea mashine ya yule bwana, akalaza sikio juu ya kifuniko, akafumba macho.

"Nasikia wawili tu," akasema. "Lakini usijali, ndugu yangu. Nimekuja na fundi wangu."