Uto wa Ujana

Mvua ndiyo iliyomwingiza Msomi saluni. Hakuwa na nywele za kusuka wala ndevu za kunyoa siku ile, lakini koti lake lilikuwa moja tu, na mtu ambaye kazi yake ni kuaminiwa hawezi kutembea mjini na koti lililoloa. Akakaa kwenye benchi la wateja, akakunja nne, akafungua gazeti la wiki iliyopita, akatega sikio.

Jina la Msomi alipewa mtaani kwa sababu ya miwani. Fremu yake ilikuwa nzuri sana. Vioo haikuwa navyo, lakini hilo halikuwahi kumzuia kusoma alichotaka usoni mwa mtu.

Msusi alikuwa akimshughulikia karani mmoja wa posta. "Dada, nywele zako zimekauka, zinakatika huku mbele. Paka mafuta ya nazi kila wiki, yaache saa nzima kichwani ndipo uoshe."

"Ya nazi?" karani akashtuka. "Haya haya ya kukaangia? Kwani mimi samaki?"

"Yanalainisha na ngozi. Visigino, midomo, viwiko."

"Labda ningeamini kama yangekuwa ghali."

Saluni nzima ikaangua kicheko. Msomi hakucheka. Alilikunja gazeti taratibu, akasimama, akatoka kwenye mvua na koti lake moja, kwa maana mtu aliyeteremshiwa wito haulizi hali ya hewa.

Siku mbili baadaye alikuwa na dumu la mafuta ya nazi kutoka sokoni, katoni ya vichupa vya dawa ya kikohozi vilivyooshwa vizuri, na marashi ya waridi, tone moja kila chupa. Kwenye lebo aliandika kwa herufi kubwa: UTO WA UJANA. Chini yake, kwa herufi ndogo: "Umekamuliwa mara saba." Kwa nini saba? Sita ingeonekana uvivu, nane ingeonekana uongo.

Bei aliipanga sawa na ya jozi ya viatu vya ngozi. Kisha akarudi saluni, akamwomba msusi kona moja kwa nusu saa tu, na nusu saa hiyo ikachukua siku tatu.

"Akina mama," alisema huku akirekebisha miwani, "sikuja kuuza. Nimekuja kuaga. Zimebaki chupa arobaini, na aliyekuwa akiukamua uto huu amestaafu."

Karani wa posta alinunua mbili.

Siku ya tatu akaingia mama mmoja fundi wa mapazia, mwenye miaka sitini na mitatu, miwani mizito na kidoti cheusi kidevuni. Mkononi alishika pesa alizoweka kwa ajili ya mota mpya ya cherehani. Wiki ile mteja alikuwa amemtazama usoni, akakusanya kitambaa chake na kusema, "Basi mama, nitapeleka kwa vijana, wewe pumzika." Maneno yale yalimkaa kooni kama mwiba.

"Mwanangu," akamuuliza Msomi, "itanipunguzia miaka mingapi?"

"Mama, wewe unataka kurudi wapi?"

"Arobaini inanitosha. Sina tamaa."

"Paka asubuhi na jioni. Usizidishe, usije ukakatazwa kupiga kura."

Nyumbani, binti yake aliyekuwa nesi alifungua chupa, akanusa, akachovya kidole, akanusa tena. "Mama. Mama yangu mzazi. Haya ni mafuta ya nazi."

Fundi alivua miwani akaifuta, kisha akaifuta tena ingawa ilikuwa safi.

"Umenunua kwa kiasi gani?"

Alipoambiwa, binti akakaa kitako sakafuni kwenye vipande vya vitambaa. Alitaka kwenda polisi. Alitaka kwenda saluni na mwiko. Mama yake alimwacha ataje yote aliyoyataka, huku akimwangalia, jicho likizidi kuwa dogo kama anayetunga uzi kwenye sindano.

"Hebu simama pale dirishani," akasema. "Geuka. Vua hereni. Una miaka thelathini na minane, sivyo?"

"Wewe ndiye uliyenizaa, mama, unaniuliza mimi?"

"Na watu husema tumefanana kama shilingi kwa ya pili. Lete wanja."

Jumatatu iliyofuata, Msomi alikuwa amerudi saluni kukusanya vitu vyake, chupa zote arobaini zimekwisha, alipoingia mwanamke aliyevaa gauni lile lile la fundi, kilemba kile kile na miwani ile ile mizito. Kidevuni, kidoti cheusi. Lakini uso! Uso ulikuwa umenyooka kama shuka iliyopigwa pasi.

"Mwanangu," alisema yule mwanamke kwa sauti ya kukwaruza, "umenitia balaa. Nimeomba arobaini, umenipa thelathini na nane. Kwenye mabasi hawanipishi kiti tena."

Msusi, ambaye alikuwa ameelezwa kila kitu asubuhi ile, akaangusha kitana kwa ustadi mkubwa. "Jamani! Mama mapazia!"

Msomi akahisi fremu ikimteremka puani. Alikuwa amedanganya watu miaka ishirini, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kupata mazoezi hata kidogo ya upande wa pili. "Wewe... wewe uliniambiaje siku ile?"

"Nilikwambia sina tamaa. Ukanitania mambo ya kura. Na vifungo vya koti lako vilikuwa vimepishana, sikukwambia kwa aibu."

Msomi akaangalia vifungo. Bado vilikuwa vimepishana.

Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Paji lake la uso lilikuwa likipanda kila mwaka kidogo kidogo kuelekea utosini, na chini ya macho palikuwa na mifuko ambayo hakukumbuka kuiomba. Akasogea karibu, akanong'ona, "Hayo yaliyobaki kwenye chupa utaniuzia?"

"Hata kwa dawa! Nimeuliza wenzangu, wengine nao wameanza kubadilika. Dumu lako lile lilikuwa na kitu, mwanangu. Wewe mwenyewe hukujua?"

Hakujua! Palepale Msomi akaona maisha yake yote yaliyobaki: yeye, kijana tena, akiwauzia matajiri chupa moja kwa bei ya gari. Kilichohitajika ni kuzirudisha zile arobaini kabla wenyewe hawajajitazama vizuri kwenye kioo. Alasiri hiyo hiyo akabandika tangazo mlangoni pa saluni: vifuniko vina hitilafu, kampuni inanunua chupa zote kwa bei mara mbili, iwe nzima au nusu.

Mama fundi hakulala usingizi wa mchana siku mbili. Nesi alileta vichupa vitupu vya dawa ya kikohozi. Karani wa posta alitoa nakala za lebo, kwa mashine ambayo serikali iliinunua kwa shughuli nyingine. Msusi alileta mafuta. Marashi ya waridi hayakukosekana. Wanawake wanne hawawezi kukosa marashi.

Jumatano foleni ilifika kwenye kona ya barabara. Msomi alikuwa ameuza chupa arobaini. Alinunua sabini na tatu. Hakuhesabu, kila chupa iliyofika aliikumbatia kama mtoto aliyepotea sokoni akapatikana. Pesa za mauzo zilipokwisha akatoa za akiba, na za akiba zilipokwisha akauza redio.

Akajifungia chumbani kwake siku tisa, akijipaka kuanzia utosini hadi ukucha. Aliteleza bafuni mara mbili. Sisimizi walifanya mkutano kwenye mto wake. Asubuhi moja ya baridi akakuta chupa zote zimeganda, nyeupe kama mshumaa, naye akapiga magoti. "Nguvu imeanza kuamka," akasema.

Siku ya kumi akampata mteja wa kwanza: tajiri mmoja wa mabati, aliyefiwa na mke, mwenye upara uliong'aa kuliko bidhaa zake. Tajiri hakuwa mjinga. "Sitoi hata senti mpaka nimwone huyo mama aliyerudi ujanani."

"Twende sasa hivi, mzee."

Mlango ulifunguliwa na nesi, amevaa sare yake ya kazi, hereni masikioni, kidevu hakina kidoti. Akamtazama Msomi aliyekuwa aking'aa mbele yake, akapiga goti kwa heshima.

"Shikamoo, baba."

Nyuma ya binti, kwenye cherehani iliyokuwa ikiunguruma kwa mota mpya, uso ule ule ukainuka, ukiwa na mikunjo yake yote.

"Ni nani huyo?" akauliza fundi. "Aa, karibu mwanangu. Mbona umechelewa? Tulikutegemea juzi."

Msomi alitazama uso mmoja, akatazama wa pili, akarudi kwa wa kwanza.

"Mama, mmeniibia," alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa na uchungu wa kweli.

"Tumekuuzia mafuta ya nazi, mwanangu. Ni mazuri sana. Yanatunza nywele zisikatike, yanalainisha ngozi, hebu jiguse shavu. Limekuwa laini, uongo?"

Msomi akajigusa shavu. Lilikuwa laini kweli.

"Kurudisha miaka tu ndiko kusikowezekana," akamalizia fundi. "Lakini ahadi hiyo ulitupa wewe."

Tajiri wa mabati alicheka mpaka akashika ukuta. Alipomaliza kufuta machozi, akavua kofia, akatazama mapazia yaliyoning'inia chumba kizima, akamtazama na fundi mwenyewe, muda mrefu kidogo kuliko mapazia.

"Haya yote umeshona wewe, mama?"

"Kwa mikono hii."

"Yamenyooka kweli." Akavuta kiti, akakaa bila kukaribishwa. Kisha akamgeukia Msomi, aliyekuwa bado amesimama mlangoni akidondosha mafuta.

"Bwana mdogo, wewe nenda tu. Mimi nyumbani kwangu nina madirisha kumi na moja, na hakuna hata moja lililowahi kupimwa."