Salamu Saba za Ermelinda

Jumatatu, 2 Agosti 2004

Dharau! Leo nimekuta ndoo yangu imebandikwa karatasi yenye neno la Kiingereza la ndoo. Fagio nalo limebandikwa. Mlango wa stoo. Kabati la sabuni. Hata kikombe changu cha chai! Mimi, Leonard, niliyewagaragaza watu kwenye midahalo ya Kiingereza Bukoba nzima, naelekezwa kikombe ni nini.

Aliyebandika ni Ermelinda, mama wa El Salvador ninayesafisha naye ofisi za ghorofa ya sita hapa Arlington, Marekani. Hana mwalimu, hana darasa. Kiingereza anajifundisha mwenyewe. Maneno kumi kila siku, daftarini. Akipiga deki ana redio sikioni, anamfuatisha mtangazaji wa hali ya hewa neno kwa neno. Akifuta kioo cha choo anajiuliza maswali na kujijibu. Nimemuuliza haraka ya nini. Akasema, kwa maneno ya kuokoteza, kwamba anataka kuomba ile kazi.

Ile kazi! Kazi YANGU! Usimamizi wa zamu ya asubuhi. Unatoka saa nane mchana, siyo saa moja jioni kama sasa. Nikitoka saa nane nakaa na mtoto, na mke wangu Leokadia anaenda kusoma unesi chuoni Annandale. Miaka minne anawageuza wazee wa watu vitandani kwenye nyumba ya kutunzia wazee, anataka awe nesi kamili. Usaili ni Alhamisi ya wiki ijayo. Chuo kinafunga uandikishaji Ijumaa yake. Halafu jana kwenye mkutano wa jumuiya yetu nilishatangaza kwamba kazi nimepata. Walipiga makofi. Sasa makofi ya watu nitayarudishaje?

Jumanne, 3 Agosti

Nimewahi kazini. Nimebandua karatasi zote. Nikamwambia Ermelinda kuna kanuni ya zimamoto. Nilitegemea atalia.

Amenishukuru! Eti alikuwa anatafuta namna ya kujipima. Akazunguka stoo nzima akitaja kila kitu, mikono nyuma, macho juu. Mpaka vitu ambavyo hakuwahi kuvibandika. Nehemiah, yule Mkenya wa ghorofa ya tano ambaye kazi yake kubwa ni kunicheka, akapiga makofi. Akasema buda, huyu mathe atatupita wote, jizoeshe kumwita madam.

Thubutu!

Jumatano, 4 Agosti

Wazo limenijia nikisugua sinki. Nitakuwa mwalimu wake! Mwalimu ndiye anayeamua mwanafunzi asijue nini.

Nitamfundisha salamu. Salamu peke yake, mpaka siku ya usaili. Kila mtu anajua Wamarekani hawana salamu. Anakuuliza hujambo huku anakupa kisogo. Basi nimemwambia Ermelinda kwamba kwa Kiingereza cha watu wenye adabu, hugusi habari ya kazi kabla hujauliza mambo saba: ameamkaje, nyumbani kwake, mama yake mzazi, watoto, afya yake, shughuli zake, na safari ya kuja. Na kila swali ungoje lijibiwe. Ndivyo alivyonilea bibi yangu. Ukikatiza salamu kwake, chakula hupati.

Ameandika yote. Akauliza kama aulize na baba mzazi. Nikamwambia tusimchoshe bosi, mama anatosha.

Bosi ni Bwana Haskell. Ukimwamkia anatazama saa. Swali la pili tu atamwonyesha mlango!

Jumamosi, 7 Agosti

Leokadia ameuliza kwa nini nisijiandae mimi mwenyewe badala ya kuhangaika na mama wa watu. Kujiandaa? Mimi? Nikaanza kumwonyesha nitakavyojieleza kwa bosi. Binti yetu Jacqueline, miaka mitano, ambaye ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, akaniambia nisipige kelele, anaangalia katuni.

Fomu ya chuo Leokadia ameshaijaza. Ameibandika kwenye friji. Hata nyumbani kwangu karatasi!

Jumatatu, 9 Agosti

Ermelinda anafanyia mazoezi kila kiumbe. Kutoka mlangoni mpaka stoo ametumia dakika kumi na nane. Mlinzi, ambaye miaka mitatu hajawahi kuitikia salamu yangu, amemsimulia habari yote ya goti la mke wake. Fundi wa lifti amemtolea picha ya mjukuu. Na kila anayemjibu anamwachia maneno mapya, naye anayachota tu, daftari linajaa. Mengine hata mimi siyajui, ila siyo ya usimamizi, kwa hiyo hayana faida.

Nimempa hongera. Moyoni nilikuwa nacheka mpaka mbavu zinauma. Maskini ya Mungu.

Alhamisi, 12 Agosti

Jamani, hakuna haki duniani!

Nimeingia mimi kwanza. Tai nyekundu. Hakuna salamu, hakuna porojo, Kimarekani kabisa. Nikamwaga sera: ufanisi, nidhamu, ubunifu katika usafi. Dakika nne nimemaliza. Haskell akatazama saa. Nikajua nimefaulu.

Akaingia Ermelinda. Dakika tano. Kumi. Ishirini. Mimi na Nehemiah tumekaa kwenye korido, nikimwambia huyo mama ameshindwa hata kuaga. Dakika arobaini! Mlango ukafunguka. Haskell macho mekundu, kitambaa mkononi. Anamshika Ermelinda mkono, hataki kuuachia.

Kumbe mama yake Haskell amevunjika nyonga. Yuko hospitali, na kila akitoka kazini Haskell anaendesha gari mpaka mji wa Columbia kukaa naye. Mwezi mzima! Jengo zima hakuna aliyemuuliza. Ermelinda ameuliza swali la tatu, akanyamaza, akangoja jibu. Kama NILIVYOMFUNDISHA. Jibu likachukua nusu saa. Haskell akasema anataka msimamizi anayejua watu wana nini.

Kazi amepewa yeye.

Nehemiah akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikamjibu mimi nasafisha ofisi, visima sichimbi.

Ijumaa, 13 Agosti

Asubuhi Leokadia ameibandua fomu kwenye friji. Akaikunja mara nne, akaiweka ndani ya Biblia. Angenigombeza ningejua pa kuanzia kujitetea. Nimeshindwa hata kunywa chai.

Kazini msimamizi mpya akaniita. Mimi! Akanikalisha. Nimeamkaje? Nzuri. Nyumbani? Nzuri. Nilijibu mbio mbio ili tumalize nikakae na hasira zangu. Akakataa. Akasema nzuri siyo jibu, akaweka kalamu chini, akangoja. Anangoja vibaya yule mama! Ananitazama tu, usoni hana hata papara. Sijui nini kilinipata, bila shaka ni njaa, nikajikuta nimemwaga kila kitu. Leokadia, fomu, Biblia, saa nane. Na sauti ikanikatika, jambo ambalo silikubali.

Akavuta ratiba. Akafuta, akaandika. Leonard, zamu ya asubuhi, kutoka saa nane mchana, kuanzia Jumatatu. Akasema hawezi kumwacha mwalimu wake kazini mpaka jioni na mke anataka kusoma.

Nimempigia Leokadia kazini kwake. Amepiga kigelegele wazee wote wakaamka. Ameomba ruhusa, amepita nyumbani kwenye Biblia, amekimbia Annandale na fomu yenye mikunjo minne, ameandikishwa robo saa kabla hawajafunga. Jioni amepika ndizi na nyama na kuimba.

Nimekula. Lakini nasema wazi: ni fedheha! Kupangiwa zamu na mwanafunzi wangu mwenyewe!

Jumatatu, 16 Agosti

Nimekaa nikafikiri, nimegundua nilipokosea. Kihispania! Nusu ya wafanyakazi wa jengo hili wanakisema. Nikikijua kabla ya Krismasi, usimamizi unarudi kwa mwenyewe. Nimeazima kaseti maktaba. Nimebandika karatasi kwenye ndoo, fagio, kabati na kikombe. Njia hii nimeibuni mwenyewe.

Nimemwomba Ermelinda anifundishe kila tukitoka kazini, nusu saa. Amekubali kwa furaha, hajui kinachomjia. Leo somo la kwanza. Na unajua amenifundisha nini? Salamu! Umeamkaje, mama hajambo, watoto hawajambo. Saba! Kisha akaniambia kesho nikamwulize fundi wa lifti, ninyamaze, ningoje.

Wivu mtupu. Anaogopa nitampita. Nimemwambia hapo hapo, kwa hasira, kwamba ujanja huo mimi naujua tangu zamani: anifundishe maneno ya usimamizi, salamu hazijawahi kumpa mtu cheo.